Uthibitisho wa kufuta kwenye programu za wavuti

Uthibitisho wa kufuta ni hatua ambayo programu huiweka kati ya kitufe cha "Futa" na kufutwa kwenyewe kwa rekodi. Mtumiaji anabofya, programu inamuuliza, na rekodi haiguswi mpaka ajibu. Lengo ni kumpa nafasi ya kugundua kwamba amebofya mstari usio wenyewe kabla data haijaondoka kwenye hifadhidata.

Njia fupi kuliko zote ni window.confirm ya JavaScript. Amri hiyo moja hufungua kidirisha chenye swali na vitufe viwili, kisha hurudisha true au false. Kwa mfumo mdogo wa ofisini inatosha, ila vitufe vyake huandikwa na kivinjari, si na wewe. Mfumo ulioandikwa wote kwa Kiswahili unaweza kuuliza kwa Kiswahili na kutoa vitufe vya "OK" na "Cancel". Tena vidirisha vikijirudia, kivinjari kinaweza kumpa mtumiaji nafasi ya kuvizuia. Akishavizuia, confirm hurudisha false papo hapo, na yeye huona "Futa" haifanyi kazi asijue sababu.

Ndiyo maana mifumo mingi huunda kidirisha chake. Elementi ya HTML iitwayo dialog hufanya sehemu kubwa ya kazi: ukiifungua kwa showModal, ukurasa ulio nyuma yake haubofyeki, na Esc huifunga. Vivinjari vyote vikubwa vinaikubali tangu Machi 2022. Weka autofocus, sifa inayokifanya kitufe kiwe kimechaguliwa tangu mwanzo, kwenye "Ghairi", ili anayebonyeza Enter kwa mazoea asipoteze kitu. Kitufe cha kuthibitisha kisitokee pale pale kilipokuwa kitufe cha kwanza cha "Futa", maana anayebofya mara mbili haraka atakuwa amejibu swali ambalo hakulisoma.

Kinachoamua kama kidirisha kitasaidia ni maneno yake. "Una uhakika?" haimwambii mtu chochote. Anayefuta rekodi nyingi kila siku hujibu swali hilo kwa kidole kabla macho hayajafika, na kosa linapita kama vile hapakuwa na swali. Swali linapaswa kutaja kitu chenyewe pamoja na kila kitakachoondoka nacho. Tuchukue mfumo wa SACCOS: "Futa mwanachama Na. 0412? Mikopo 2 na malipo 37 yatafutwa pamoja naye na hayatarudishwa." Vitufe: "Futa mwanachama" na "Ghairi". Mtu aliyedhani anaondoa jina lililoandikwa mara mbili akiona malipo 37 atasita, na kusita huko ndiko kunakotafutwa.

Hesabu hizo zisikisiwe, zitoke kwenye hifadhidata kidirisha kinapofunguliwa. Kama majedwali yameunganishwa kwa ON DELETE CASCADE, kufuta safu moja ya mwanachama huondoa kimyakimya kila kinachomtegemea. Ukurasa wa usimamizi wa Django, mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Python, umelishughulikia hili vizuri: kabla ya kufuta huorodhesha rekodi zote zitakazoondoka kwa pamoja. Ni mfano wa kuiga.

Usijaribu kutumia kiolezo kimoja cha sentensi kwa kila aina ya rekodi. Ngeli zitakuumbua: ni mwanachama huyu, mkopo huu, malipo haya. Andika sentensi kamili kwa kila aina. Na kitendo chenyewe kikiwa ni kughairi ombi la mkopo, kitufe cha kurudi nyuma kisiitwe "Ghairi" tena. Kiite "Liache ombi".

Kidirisha kiwe kizuri namna gani, bado kiko kwenye kivinjari na seva haikioni. Mwaka 2005 programu ya Google Web Accelerator ilikuwa ikifungua viungo vya kurasa kabla mtumiaji hajavibofya, ili kurasa zije haraka. Mifumo iliyofuta rekodi kwa kiungo cha kawaida, yaani ombi la GET ambalo kivinjari hutuma kuomba ukurasa tu, ilijikuta ikipoteza data. Swali la JavaScript halikusaidia, kwa sababu kiungo kilifunguliwa bila kubofywa na yeyote. Kwa hiyo kufuta kuende kwa POST au DELETE, aina za maombi zinazokusudiwa kubadili data, ombi liwe na tokeni ya CSRF (msimbo wa siri unaozuia tovuti nyingine kutuma ombi kwa jina la mtumiaji), na seva ihakiki upya ruhusa ya mtumiaji hata kama kitufe hakionyeshwi kwa wasio na haki.

Swali lenyewe pia linaweza kutoweka bila kelele. Waliohamia Turbo, maktaba ya JavaScript inayokuja na Rails 7 (mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Ruby), walilazimika kubadili sifa ya HTML inayoleta swali, data-confirm, kuwa data-turbo-confirm. Sifa ya zamani ikibaki, ukurasa hauonyeshi hitilafu yoyote, ila hakuna tena anayeuliza. Andika jaribio la kiotomatiki linalobofya "Futa", linaghairi, kisha linahakikisha rekodi ingalipo.

Unapofuta rekodi nyingi kwa mkupuo, tuma namba za rekodi zilizoonyeshwa, usitume vigezo vya utafutaji. Kati ya swali na jibu mtu mwingine anaweza kuwa ameongeza rekodi inayolingana na vigezo hivyo, nayo itaondoka bila kuonwa.

Kwa ufutaji wa kila siku, kutendua ni bora kuliko kuuliza. Badala ya kuondoa safu, jaza tarehe kwenye safu wima ya deleted_at, uonyeshe "Mwanachama amefutwa. Tendua". Gharama yake ni kwamba kila amri ya kusoma hifadhidata lazima iache rekodi hizo, na namba ya simu ya aliyefutwa, kwa kuwa bado imo kwenye jedwali, inaweza kumzuia asisajiliwe tena. Hifadhidata ya PostgreSQL hutatua hilo kwa faharasa ya kipekee (inayokataa thamani kujirudia) yenye sharti WHERE deleted_at IS NULL, yaani inayohesabu wasiofutwa tu.

Kidirisha kikali kibaki kwa yasiyorudi. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, humtaka mtu aandike jina la hazina ya msimbo kabla ya kuifuta, na kwa akaunti nzima ya chama usumbufu huo unafaa. Malipo yaliyokwisha kuingia kwenye hesabu yasiwe na "Futa" kabisa: yasahihishwe kwa ingizo la kuyageuza, lenye tarehe na jina la aliyeliweka, ili mkaguzi aone yote mawili.