DM kwenye mitandao isiyo na bosi mmoja: nani mwingine anaisoma?

Tangu X (zamani Twitter) ilipozibwa hapa nchini Mei 2025 kuna watu wameanza kuulizia hii mitandao mingine, Mastodon, Bluesky na wenzake, na swali la kwanza la watu wa huku kwetu Mtwara huwa halihusu posti wala wafuasi, ni hili: je inbox ipo, yani DM, meseji za watu wawili tu? Ipo. Ila hiyo inbox siyo ile uliyoizoea WhatsApp, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kioo cha simu.

Kwanza tuelewane mtandao usio na bosi mmoja ni nini. Mastodon ilianzishwa 2016 na jamaa wa Ujerumani anaitwa Eugen Rochko, na haina kampuni moja inayokaa na akaunti zote. Kuna seva, yani kompyuta zinazotunza akaunti na posti, nyingi mno, kila moja ina mwenyewe wake, wengine ni kampuni, wengine vyuo, wengine ni kijana tu kakodi kompyuta huko Ulaya anailipia kila mwezi kwa hela yake. Hizo seva zinaongea lugha moja inaitwa ActivityPub, ambayo W3C, wale wanaosimamia viwango vya wavuti, waliipitisha rasmi Januari 2018. Barua pepe inafanya kazi hivyo hivyo miaka yote, mwenye Gmail anamwandikia mwenye Yahoo na hakuna anayeshangaa.

Sasa ActivityPub ilitengenezwa kwa ajili ya kupost. Unaandika kitu, seva yako inakisambaza kwa seva za wanaokufuata, basi. Kuchati wawili hakukupewa chumba chake. Kwahiyo Mastodon walichofanya ni kuchukua posti ile ile ya kawaida na kupunguza orodha ya wanaotumiwa, badala ya "kwa wote" inaandikwa "kwa huyu tu". Ndo maana siku hizi kwenye app wanaiita mtajo wa faragha na sio DM, na mimi naona wamefanya la maana, jina la zamani lilikuwa linadanganya watu.

Tuifuate meseji moja. Wewe uko Ligula, akaunti yako iko seva A. Mjomba yuko Tandahimba, akaunti yake iko seva B. Mnada umepita, mjomba anataka umsaidie kufuatilia malipo ya korosho, anakutumia picha ya stakabadhi, namba ya akaunti ya benki na kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma. Meseji ikiwa njiani kati ya seva na seva imefungwa, mtu wa katikati haoni kitu. Lakini ikifika inalala kwenye hifadhidata ya seva B ilikotoka, na nakala nyingine kwenye hifadhidata ya seva A, zote mbili wazi kabisa, na anayesimamia seva yoyote kati ya hizo akiamua kuangalia anasoma kila kitu mpaka na picha anaiona. Ni sawa na kumpa kondakta wa basi la Masasi karatasi iliyokunjwa mara mbili badala ya bahasha iliyogundishwa, wengi hawataikunjua, wana kazi zao, ila kinachomzuia ni ustaarabu wake tu. Mastodon wenyewe hawafichi, ukianza kuandika mtajo wa faragha app inakuonya kwamba haina enkripsheni ya mwisho hadi mwisho, yani ile ya kufunga meseji isomwe na mtumaji na mpokeaji tu, na usitume vitu nyeti. Nani anasoma maonyo lakini.

Na kuna hili la kuchekesha mpaka likukute. Kwa vile ni posti, anayetajwa ndo anayetumiwa. Mko wawili na mjomba mnamsema karani wa AMCOS, kile chama cha ushirika cha wakulima, mjomba kwa kuzoea anaandika jina la akaunti ya karani na ile alama ya @ mbele. Hapo hapo ile meseji inamfikia karani. Hamjamwalika mahali, mmemtaja tu, yani mfumo unahesabu kutaja ni kutuma.

Watu husema mbona hata Facebook wangeweza kusoma meseji zetu miaka yote. Kweli, lakini kwenye kampuni kubwa wewe ni mmoja kati ya mamilioni huko Marekani, hakuna anayekujua. Seva ndogo msimamizi wake anaweza kuwa mtu mliyesoma naye Ndanda, au jirani wa shangazi yako Chikongola. Mtwara hii ndogo. Mimi binafsi namwogopa zaidi anayenijua kuliko asiyenijua, na hili sioni likisemwa sana na wanaosifia mitandao midogo midogo ya kijamaa. Halafu na msimamizi mwenyewe anajibebesha mzigo, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ukishaanza kuweka NIDA za watu kwenye kompyuta yako huo sio mchezo tena.

Haya, kwanini wasiweke tu enkripsheni kama WhatsApp wakamaliza? Hapa ndo kuna kazi. WhatsApp walimaliza kuiweka kwa wote Aprili 2016 wakitumia mfumo wa Signal, app nyingine ya kuchati. Kila simu inatengeneza funguo mbili, moja ya wazi ya kugawia watu wakufungie meseji, nyingine ya siri haitoki kwenye simu. Kwa WhatsApp ilikuwa rahisi kidogo kwa sababu bosi ni mmoja, app ni moja, akiamua leo anasukuma apdeti dunia nzima. Huku kwingine kuna Mastodon, kuna Pixelfed, kuna Misskey, kuna Pleroma, zote zinaongea ActivityPub lakini kila moja na mafundi wake wa kujitolea, na wote inabidi wakubaliane funguo zinakaaje, maana wasipokubaliana mwenye hii anamtumia mwenye ile kitu kisichofunguka.

Halafu nani anakupa ufunguo wa wazi wa mjomba? Seva yake. Seva ikiwa na nia mbaya inakupa ufunguo wake yenyewe ikakwambia ndo wa mjomba, wewe unafunga vizuri kabisa, yenyewe inafungua, inasoma, inafunga upya na kupeleka mbele. Ndo maana Signal na WhatsApp zina ile namba ndefu ya usalama ya kulinganisha, ambayo karibu hakuna anayeilinganisha. Ukitumia kwa brauza ni tatizo zaidi, kwa sababu programu yenyewe inayofunga meseji unaletewa na seva hiyo hiyo kila unapofungua ukurasa. Na simu je, ikitumbukia majini unavuka kwenda Msangamkuu? Ufunguo wa siri umezama nao, meseji za zamani kwaheri, isipokuwa uliweka nakala mahali, na hiyo nakala nayo lazima ifungwe kwa kitu ambacho hutasahau.

Wapo waliojaribu njia zao. Bluesky walileta DM Mei 2024, ila hazipiti kwenye ule mfumo wao wa wazi, kwa sababu kule kila kitu ni cha hadharani, wakaziweka pembeni kwenye seva zao wenyewe na bila enkripsheni ya mwisho hadi mwisho. Kwahiyo kwenye kuchati bosi yupo. Nostr, mtandao mwingine usio na bosi mmoja, walianza na meseji ambayo maneno yamefungwa lakini nani kamwandikia nani na saa ngapi kila mtu anaona, yani yule kondakta hajafungua bahasha ila stendi nzima inajua umemwandikia nani, baadaye wakaleta njia mpya ya kuifunga meseji ndani ya meseji ili hata hilo lifichike. Mastodon walianza kuweka msingi wa enkripsheni mwaka 2020 na haikufika kwa watumiaji. Saivi macho yako kwenye MLS, kiwango cha wazi cha kufunga meseji kilichotoka Julai 2023 kama RFC 9420, kuna watu wanaipachika juu ya ActivityPub, na ubaya ni kwamba hata ikikamilika lazima kila app ikubali kuiweka.

Kitu kingine ni matapeli. Zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitakuja tu. Meseji ikifungwa kabisa msimamizi hawezi kumkamata tapeli kwa kusoma, kwahiyo kinachobaki ni wewe uliyetumiwa kuripoti, pamoja na kuweka mipaka ya nani anaruhusiwa kukuandikia. Bluesky hapo wamepatia, ukifungua akaunti wanaoweza kukuandikia ni wale unaowafuata wewe.

Wengine wanasema kwanini kuhangaika, mifumo ya kuchati isiyo na bosi ipo siku nyingi, XMPP tangu 1999 na Matrix tangu 2014, weka tu linki yake kwenye profaili watu wakufuate huko. Kiufundi nakubaliana nao. Ila mwambie mjomba wa Tandahimba afungue akaunti ya tatu kwenye simu yenye GB 16 iliyojaa video za ngoma, uone atakujibu nini.

Mimi Mastodon naitumia kupangia muda na mahali, na habari za bei mnadani maana hizo zinatangazwa hadharani hata hivyo. NIDA na namba za benki zinaenda Signal, na asiye na Signal nampigia simu anisomee namba nakili kwenye daftari.