Kanada hupewi nyumba ya bure

Kwenye kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, bado utasikia watu wakisema: ukichaguliwa kwenda Kanada, serikali inakupa nyumba iwe yako. Sivyo. Mkimbizi anayefika hutafutiwa nyumba ya kupanga, na msaada wa kodi na chakula kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, au unakoma mapema zaidi akiweza kujitegemea.

Tena mara nyingi anayempokea si serikali. Tangu 1979 raia wa kawaida wamewadhamini wakimbizi zaidi ya 300,000. Waumini wa kanisa moja, kwa mfano, wanaweza kuungana wakachanga pesa na kuahidi kuihudumia familia mwaka mzima; hadi Novemba 2024 hata watu watano tu waliweza kuomba kufanya hivyo. Ndio wanaozunguka kutafuta nyumba, wanaopandisha magodoro ngazini, wanaomwonyesha mama namna ya kuwasha hita kabla baridi ya Januari haijamkuta. Hao nawaheshimu mno.

Na nauli ya ndege? Wengi hukopeshwa. Tangu 2018 mkopo huo hauna riba, lakini unarudishwa kidogo kidogo, kwa hiyo ni vyema familia ilijue deni hilo ingali kambini.