"Kanitoza Elfu Ishirini na Hata Sindano Hakuchoma!"

Kauli hiyo naisikia karibu kila wiki, na safari hii nimeona niiandikie. Mtu anampeleka mbwa kliniki. Daktari anamshika dakika ishirini, anachukua damu kidogo, anaandika kapsuli, anataja bei. Mwenye mbwa anatoka amenuna: nimelipia nini? Jirani yake naye anampigia simu "daktari" wa pikipiki, anafika na begi, anachoma sindano tatu, anapokea pesa yake na kuondoka. Jioni mbwa anakula. Mtaa mzima unatoa hukumu: yule wa kliniki mwizi, huyu wa pikipiki ndiye fundi.

Sindano ni njia tu ya kuingiza dawa mwilini, kama kidonge kilivyo njia. Cha kuuliza ni dawa gani imeingia, na kwa ugonjwa gani. Unacholipia kliniki ni jibu la swali hilo la pili, na jibu hilo ndilo linaloamua utatumia kiasi gani mwezi mzima unaokuja.

Tuzichambue zile sindano tatu. Mara nyingi huwa ni OTC ya asilimia 20, multivitamini na dexa. OTC, yaani oksitetrasaiklini ya muda mrefu, ni dawa ya bakteria iliyotengenezwa ikilenga ng'ombe, na mbwa ikimwingia kwenye msuli inamuuma kweli. Multivitamini sina ugomvi nayo sana. Ugomvi wangu ni dexa.

Dexa, yaani deksamethasoni, ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Inashusha homa, inaleta hamu ya kula, inamchangamsha mnyama saa chache tu baada ya kuchomwa. Haiui bakteria, haiui kimelea chochote cha damu. Inachofanya ni kuzima kengele huku moto ukiendelea kuwaka ndani ya nyumba, tena ikidhoofisha kinga ambayo mbwa angeitumia kujipigania. Siku ya tatu au ya nne mbwa analala tena. Mwenye mbwa anampigia yule yule, kwa sababu "ile sindano ilimsaidia sana", na anachomwa nyingine. Mizunguko mitatu ya namna hiyo imeshapita bei ya kliniki, na mbwa sasa amepauka ufizi. Ikichanganywa na diklofenaki, ambayo nayo wapo wanaowachoma mbwa kana kwamba ni watu wenye maumivu ya mgongo, tumbo linatoboka vidonda na kinyesi kinatoka cheusi kama lami. Steroidi ina kazi zake halali na mimi naitumia. Lakini huwa najua natibu nini, na namwambia mwenye mnyama kwamba nimeichoma.

Kuna jambo la pili linaloipa sindano sifa isiyostahili, na hili hata wenzetu wa fani hulisahau. Homa ya kupe inayosumbua sana mbwa wetu husababishwa na bakteria aitwaye Ehrlichia canis. Awamu yake ya kwanza hudumu kama wiki 2 hadi 4: homa, kutokula, tezi kuvimba, uchovu. Halafu, mara nyingi bila dawa yoyote, dalili zinapotea. Mbwa anaruka, analinda, anakula ugali wake na dagaa. Ugonjwa haujaondoka, umejificha, na unaweza kukaa hivyo miezi au hata miaka. Unaporudi kwa awamu ya tatu, uboho wa mifupa umechoka kutengeneza damu, pua inavuja damu, na hapo mara nyingi hakuna dawa ya bei yoyote inayomrudisha. Kwa hiyo chochote utakachomchoma mbwa mwishoni mwa awamu ya kwanza kitaonekana kimemponya. Hata maji yangeonekana yamemponya.

Uchunguzi wa kweli unauona kwa macho yako ukisimama pale pale. Mnyama anapimwa uzito kwenye mizani, maana dozi ya kukisia ni dozi ya kukosea. Kipimajoto kinaingia njia ya haja kubwa. Mbwa mzima husoma kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, kwa hiyo 39 peke yake si homa. Mdomo unainuliwa, ufizi unabonyezwa kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha kidole kinaachiwa: rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Tezi zilizo chini ya taya na nyuma ya magoti zinapapaswa. Masikio, macho, tumbo, moyo. Daktari anauliza ulimpa nini jana. Haya yote yanaweza kufanyika bila umeme na bila mashine. Asiyegusa mnyama na tayari ameshavuta dawa kwenye bomba, usimlipe.

Hadubini ni kipimo rahisi chenye faida kubwa. Tone la damu, mara nyingi kutoka ncha ya sikio, linatandazwa kwenye slaidi, linapakwa rangi, linaangaliwa kwa lenzi ya mafuta. Babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe, ukiiona ndani ya seli nyekundu umepata jibu, na hiyo OTC haitoshi kuitibu, inataka dawa iitwayo imidokabu. Mara nyingine mkojo huwa umeshageuka rangi ya chai ya rangi. Diminazini, dawa ya ng'ombe, nayo hutumika, lakini kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayotibu na inayoua ni finyu mno, na kuzidisha kunamvujisha damu kwenye ubongo. Ndiyo maana narudia habari ya mizani.

Ehrlichia ni habari nyingine, na hapa naomba niseme wazi: slaidi isiyoonyesha kitu haithibitishi kwamba mbwa hana. Wadudu hao huonekana kwa mbwa wachache tu kati ya walioambukizwa. Mara nyingi ninachokuwa nacho ni kupe mwilini, chembe sahani (zinazogandisha damu) zilizopungua kwenye slaidi, homa, na ufizi uliopauka. Naanza doksisaiklini (doksi), dawa ya bakteria, kwa ushahidi huo, na nategemea mabadiliko ndani ya siku 3. Yasipokuja, nimekosea au kuna ugonjwa wa pili, na lazima nianze upya. Hata baada ya siku 28 za dawa siwezi kukuapia kwamba mdudu ametoka kabisa kwa kila mbwa. Atakayekuapia anakupa faraja ambayo hana ushahidi nayo.

Na sasa angalia bei, maana hapo ndipo watu wanashangaa. Dozi ya doksi kwa homa hiyo ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku. Mbwa wa kilo 10 ni miligramu 100, yaani kapsuli moja ya kawaida ya duka la dawa za binadamu, kila siku kwa siku 28. Kapsuli 28 za doksi ni miongoni mwa dawa nafuu kabisa dukani. Mwombe daktari akuandikie dawa kwa jina lake halisi, si la kibiashara, ukanunue mwenyewe. Mwenye nia njema hatakataa. Mpe mbwa pamoja na chakula, lakini si maziwa. Kwa paka, kapsuli ifuatwe na maji kidogo kwa bomba lisilo na sindano, la sivyo inakwama kooni na kuunguza umio. Mbwa au paka mwenye mimba na watoto wachanga, muulize daktari kwanza. Na usikatize siku ya saba kwa sababu amechangamka. Kuchangamka nimeshaeleza maana yake.

Kumchagua daktari wa Tanzania, anza na usajili. Baraza la Veterinari Tanzania ndilo linaloandikisha wataalamu hawa, kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kenya kuna Bodi ya Veterinari yao. Daktari wa veterinari amesoma shahada miaka 5, kwa hapa kwetu SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Aliyesoma astashahada au stashahada ya afya ya mifugo, kwa mfano kwenye vyuo vya LITA (wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo), ni mtaalamu msaidizi. Wapo wasaidizi hodari kuliko madaktari wavivu, na kwa chanjo au dawa za minyoo namtuma mtu kwao bila wasiwasi. Upasuaji na ugonjwa usioeleweka ni kazi ya daktari. Tatizo letu ni kwamba wote tunawaita "dokta", pamoja na muuza duka la dawa za mifugo ambaye hakusoma popote. Mwulize tu: "Dokta, umesajiliwa kama nani?" Swali hilo si tusi.

Chanjo ndipo pesa ndogo huokoa pesa nyingi, na ndipo watu huuziwa maji. Mwombe aonyeshe kichupa kabla hajachanganya. Chanjo ya mchanganyiko, ile ya kukinga parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, huwa na chembe kavu nyeupe chini ya kichupa pamoja na kichupa kingine cha maji yake. Vinachanganywa mbele yako na kuchomwa papo hapo. Kichupa kiwe baridi, kimetoka kwenye nyuzi 2 hadi 8. Virusi vilivyomo viko hai ingawa vimedhoofishwa, na joto la begi la pikipiki linaviua. Stika ibanduliwe na kubandikwa kwenye kadi, na namba ya toleo, tarehe, sahihi na muhuri viwepo.

Ya kichaa cha mbwa ni tofauti, na hili linanikera kwa sababu hata walio makini hukosea. Virusi vyake vimeshauawa, na utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania umeonyesha kwamba chanjo moja ya aina hii inaweza kukaa nje ya friji kwa miezi na bado ikafanya kazi. Adui yake mkubwa ni kuganda. Nyingi zina chumvi ya aluminiamu, na ikiganda chembe zake zinashikana na nguvu inapotea. Kwa hiyo anayekujia na kichupa kilichozikwa ndani ya barafu, akijisifu kwa ubaridi, huenda ameiharibu kuliko aliyesahau kuweka barafu kabisa. Barafu ifungwe kwa kitambaa au karatasi, isigusane na kichupa.

Ya kichaa huchomwa mbwa akifika miezi 3, kisha baada ya mwaka, halafu kadiri lebo inavyosema. Mwulize afisa mifugo wa kata kuhusu kampeni. Nyingi huwekwa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi huwa bure. Vichupa vya dozi 10 vipo, hivyo majirani wenye mbwa 10 wakikusanyika siku moja mnagawana nauli ya daktari. Msigawane dozi: mbwa mdogo hapewi nusu, chanjo haipimwi kwa kilo.

Ile chanjo ya mchanganyiko huanza wiki ya 6 hadi 8, unarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo ya mapema, na hakuna anayejua itaisha siku gani, ndiyo sababu ya kurudia. Anayechoma moja na kuacha, mara nyingi ndiye anayelilia parvo. Kwa mbwa mzima, sehemu ya parvo na distempa inatosha kila miaka 3. Ya leptospira, bakteria wanaoenezwa na mkojo wa panya, ndiyo ya kila mwaka, na kwetu mara nyingi huja pamoja na hizo nyingine. Hapa nina shaka yangu: chanjo nyingi zina aina mbili za leptospira, Canicola na Icterohaemorrhagiae, wakati Morogoro iligundulika aina nyingine, Sokoine. Bado naipendekeza penye panya na maji ya mafuriko, lakini sidai kwamba inafunika kila kitu.

Kupe: watu wanamwogesha mbwa kila wiki na hawamalizi. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi nyumbani zaidi kuliko mwilini. Jike akishiba anashuka, anapanda ukutani, anataga mayai maelfu kwenye ufa wa tofali au nyuma ya fremu ya mlango. Chukua tochi usiku, mulika kona za juu za banda, utawaona wamepangana kama punje za mtama. Mfuko wa saruji wa kuziba nyufa unashinda chupa kumi za dawa. Amitrazi, dawa ya kupe, ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Inamwagiwa mbwa hadi ngozini, haisuuzwi, anakauka kivulini, nawe unavaa glavu. Soma lebo kama inaruhusu mbwa. Kwa paka usiitumie kabisa, wala kwa mbwa chini ya miezi 4. Rudia baada ya wiki moja au mbili, na siku hiyo hiyo upulizie banda.

Paka naomba asipewe parasetamoli hata robo. Inamuua.

Kumfunga kizazi jike ni gharama ya mara moja, ukiilinganisha na watoto saba kila mimba, usaha kizazini uzeeni, na ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao tiba yake ni sindano za vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki kwa wiki 4 hadi 6.

Ukifika kliniki, taja bajeti kabla ya vipimo, si baada. Sema, "Dokta, leo nina elfu arobaini, tuanze na lipi?" Halafu kwa kila kipimo uliza: majibu yakitoka tofauti, dawa itabadilika? Kama haitabadilika, kipimo hicho kinaweza kusubiri. Beba kadi ya chanjo, kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kikopo safi, na video ya kikohozi kwenye simu, maana mbele ya daktari huwa hakohoi. Na kama wa pikipiki alishapita, mwombe upige picha kila chupa aliyoitumia, hasa ile ndogo ya dexa.