Pepa lilivuja, nani kaulizwa?

Juzi mzazi mmoja kanipigia simu saa nne usiku. Namwandaa mwanawe kwa SAT, ule mtihani unaotumiwa na vyuo vya Marekani kupima waombaji. Akaanza kwa salamu ndefu, nikajua kuna jambo. "Mwalimu, samahani. Kuna kundi la Telegram linauza pepa ya Jumamosi. Ni ya kweli?"

Sikumkasirikia. Mji huu umekua na hadithi za pepa kuvuja, na hata huko inakotungwa SAT hadithi hizo zipo.

Enzi za karatasi, udhaifu ulikuwa kwenye saa. Seoul iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa sita. Mtahiniwa wa hapa akikaa saa mbili asubuhi, kule ni saa nane mchana na wenzake wa mtihani huohuo wameshatoka chumbani na maswali kichwani. Pia maswali yaliyokwisha kutumika yalirudishwa tena kwenye mitihani mingine. Mwaka 2013 mtihani wa Mei ulifutwa Korea Kusini nzima kwa sababu ya kuvuja.

Kisha kuna mamluki. Mwaka 2011, huko Great Neck jirani na New York, ilibainika kuwa kijana mmoja alikuwa akiwafanyia wenzake mtihani kwa vitambulisho vya kughushi. Picha ya mtahiniwa ikawa lazima baada ya hapo. Lakini mimi lililonishangaza ni utaratibu uliokuwapo: alama zikitiliwa shaka, mtahiniwa aliweza kurudia au kurudishiwa ada. Zikifutwa, chuo kiliambiwa zimefutwa, basi. Sababu hakikuambiwa.

Sasa njoo 2019. Rick Singer, mshauri wa udahili wa California, alikuwa akiwatoza wazazi dola 15,000 hadi 75,000 kwa mtihani mmoja. Mtoto aliombewa muda wa ziada kama mwenye tatizo la kujifunza, akahamishiwa kituo ambacho msimamizi wake kashahongwa, iwe Houston au West Hollywood. Mara nyingi mtoto alifanya mtihani wake mwenyewe. Akishaondoka, Mark Riddell, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikaa na karatasi ile akasahihisha majibu mpaka alama zifike pale zilipotakiwa.

Hapo ndipo sisi wa kazi hii tunapoinamisha kichwa. Mitambo ya kugundua udanganyifu hutafuta majibu yanayofanana mno kati ya watahiniwa, au alama zilizoruka kupita kiasi. Riddell alijua kukosea kwa kipimo. Binti wa mwigizaji Felicity Huffman alipata 1420 kati ya 1600, kama alama 400 juu ya jaribio lake la awali, na mwenyewe hakujua kilichofanyika. Nani aliyegundua? Si wenye mtihani. Wapelelezi wa FBI walidokezwa na mtu waliyekuwa wakimchunguza kwa ulaghai wa hisa! Huffman akahukumiwa kifungo cha siku 14, Riddell miezi minne, Singer miaka mitatu na nusu.

Kwetu NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, haifichi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yalipotangazwa, tuliambiwa hadharani kuwa watahiniwa 333 wamefutiwa kwa udanganyifu na wanne kwa kuandika matusi. Naupenda uwazi huo. Ila aliyefutiwa ni mtoto, na nondo, yaani kikaratasi cha majibu, aliyokutwa nayo mara nyingi imepita mikono ya watu wazima kabla ya kufika kwake. Majina ya hao huwa siyasikii redioni.

Nikamjibu yule mzazi. Tangu 2023 watahiniwa wa nje ya Marekani hufanya SAT kwenye kompyuta. Kila mmoja hupewa mchanganyiko wake wa maswali, na sehemu ya pili hupanda au kushuka ugumu kutegemea alivyojibu ya kwanza. Hakuna tena "pepa ya Jumamosi" moja ya kuuzwa. Wapo wanaopiga picha maswali na kuyasambaza, siwezi kukataa, lakini anayeuza pepa nzima anauza feki.

Simu ikanyamaza kidogo. Nikadhani mtandao umekata.

"Sasa mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "ile hela niliyoshatuma namdai nani?"