Kikibodi kidogo cha MIDI hakina sauti yake
Wengi wanaamini kikibodi cha MIDI (kinanda cha kuchomeka kwenye kompyuta) chenye funguo 25 kinatoa sauti mbovu kuliko kikubwa, jamani sio kweli, hicho kidude hakitoi sauti yoyote. Ukibonyeza C ya kati kinachopita kwenye waya ni namba tu: noti 60, na nguvu ya kidole kuanzia 1 hadi 127, basi. Sauti inatengenezwa na sinthesaiza ya programu ndani ya kompyuta. Kwa hiyo sauti ya piano ikichelewa kutoka ukibonyeza, usikimbilie kununua kibodi nyingine, ingia setingi za audio uangalie bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuicheza, hupimwa kwa sampuli), kama iko sampuli 1024 ishushe mpaka 256, sauti ikianza kukwaruza ipandishe kidogo. Oktava zingine, yaani noti za juu au za chini zaidi, unazifikia kwa vitufe vya kupandisha na kushusha. Kinachopungua kweli ni nafasi ya mikono miwili, hapo nakubali.