Kusoma mtandaoni au darasani: tofauti iko wapi hasa

Kusoma mtandaoni ni kujifunza ambako mwalimu na mwanafunzi hawapo mahali pamoja, na somo, mazoezi, maswali na majibu hupitia kwenye intaneti. Kusoma darasani ni kukutana ana kwa ana, mahali pamoja, kwa saa iliyopangwa. Maana hizi ni sahihi, ila hazimsaidii sana mtu anayetaka kuchagua, kwa sababu zinataja mahali tu. Kinachomfikisha mwanafunzi mwisho wa kozi, au kumwangusha katikati, mara nyingi ni jambo jingine: nani anashika ratiba. Darasani ratiba inashikwa na chuo. Kipindi ni saa mbili asubuhi Jumatatu, mwalimu ataingia hata kama hujajiandaa, na usipofika wenzako watauliza uko wapi. Mtandaoni sehemu kubwa ya kazi hiyo unakabidhiwa wewe, na hakuna anayekuambia kwamba umekabidhiwa.

Watu wengi huchanganya kusoma mtandaoni na elimu masafa. Elimu masafa, yaani kusoma ukiwa mbali na chuo kwa njia yoyote ile, ni kubwa zaidi na ni ya zamani zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971. Masomo yalirushwa kwa televisheni na redio za BBC, vitabu vikaja kwa posta. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, wakati intaneti ilikuwa bado haijawafikia wananchi. Kilitegemea vitabu vya kozi na vituo vya mikoani, ambako mwanafunzi alifuata huduma na kufanyia mitihani. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, ndicho kilichozaliwa kikiwa tayari kimepangwa kufundishia mtandaoni. Kwa hiyo anayesoma mtandaoni yumo katika elimu masafa, lakini si kila aliyesoma kwa masafa amesoma mtandaoni.

Wala kilichofanyika mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, si kipimo kizuri. Walimu waliopanga kufundisha ubaoni walihamia Zoom na WhatsApp kwa siku chache, bila vifaa, bila mazoezi yaliyoandaliwa. Ulikuwa uokoaji. Kozi ya mtandaoni iliyotengenezwa vizuri huandikwa miezi kadhaa kabla ya mwanafunzi wa kwanza kujisajili: kila wiki ina mada yake, zoezi lake na tarehe yake.

Ndani ya kusoma mtandaoni kwenyewe kuna aina mbili, na kuzitofautisha kuna faida kuliko ubishi mzima wa mtandaoni dhidi ya darasani. Aina ya kwanza ni mubashara: mwalimu yuko hewani kwa Zoom, Google Meet au Teams, nanyi mnamsikiliza wakati huohuo. Aina ya pili ni ya rekodi: video, maandishi na majaribio yamewekwa kwenye mfumo kama Moodle, unaingia muda unaotaka. Mubashara inabakiza ratiba ya darasa na kuondoa safari. Rekodi inaondoa vyote viwili. Mtu anayefanya kazi za zamu, muuguzi kwa mfano, hawezi mubashara ya kila Jumanne jioni. Lakini mtu ambaye hajawahi kujipangia masomo peke yake, rekodi itamshinda upesi zaidi. Video moja ikiahirishwa leo, kesho ziko mbili, na baada ya wiki tatu mlundikano unatisha hadi mtu haingii tena kwenye mfumo. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kuacha kozi ya mtandaoni: hakuna siku mtu aliyoamua kuacha.

Hesabu ya saa iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Katika mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za mhadhara, kusoma peke yako, mazoezi na mtihani. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Zigawe kwa wiki 15 za muhula, unapata karibu saa 6 na dakika 40 kwa wiki, kwa kozi moja. Kozi tano ni saa 33 na ushee. Saa hizo hazipungui kwa sababu umehamia mtandaoni. Kinachopungua ni safari. Mkazi wa Mbagala anayesoma jioni katikati ya Dar es Salaam, akitumia saa mbili kwenda na kurudi kwa siku nne, anapoteza saa 8 kwa wiki barabarani, yaani zaidi ya saa ambazo kozi moja ya krediti 10 inadai kwa wiki. Hapo mtandao unampa faida ya kweli. Anayeishi dakika kumi kutoka chuoni hana faida hiyo, na itabidi atafute sababu nyingine.

Gharama ya bando nayo ipigwe kabla. Sauti peke yake kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa. Video ya megabiti moja kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa. Saa 10 za video kwa wiki ni GB 4.5, na kwa wiki nne ni GB 18. Ndiyo maana katika kipindi cha mubashara inafaa kuzima kamera yako na, mwalimu akiwa anaongea tu, kuomba mfumo usipokee video. Rekodi ni rahisi zaidi kubana: zipakue mara moja kwenye Wi-Fi ya maktaba au ya kazini, kwa ubora wa chini, kisha uangalie bila intaneti. Kabla ya kulipa ada, hakikisha mfumo wa chuo unaruhusu kupakua. Baadhi ya mifumo hairuhusu, na hapo kila ukirudia video unalipia bando upya.

Simu janja inatosha kusikiliza na kusoma. Haitoshi kuandika insha ya kurasa kumi, kufanya hesabu za Excel au kujifunza kuandika programu. Wanaojaribu hutumia nusu ya muda wakipambana na kioo kidogo, kisha husema somo ni gumu.

Kuna masomo ambayo mjadala wake ni mfupi. Uuguzi, maabara za kemia, ufundi wa magari, umeme wa majumbani: mkono lazima ushike kitu, na aliyebobea awe karibu akurekebishe kabla kosa halijawa mazoea. Nadharia yake inaweza kusomwa mtandaoni, vitendo haviwezi. Sheria, uhasibu, utawala, takwimu na lugha kwa upande wa kusoma na kuandika vinakubali mtandao vizuri. Kwa watoto wa madarasa ya chini, mtandaoni maana yake ni kwamba mzazi au mlezi amekuwa mwalimu msaidizi. Kama hayupo nyumbani mchana, hakuna cha kuchagua.

Jambo linalosahaulika ni maswali. Darasani mwalimu akiona nyuso zimekunjamana anarudia. Mtandaoni kutoelewa hakuonekani hadi uandike. Basi muulize anayesajili: swali likiwekwa kwenye jukwaa la majadiliano, linajibiwa baada ya siku ngapi, na nani? Kama mada inabadilika kila wiki na jibu linakuja siku ya sita, litakukuta umeshahama mada. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa mseto, yaani rekodi nyumbani na kukutana mara chache, huzitumia siku za kukutana kwa maswali na vitendo. Ikiwa siku hizo zinatumika kusoma slaidi zilezile zilizomo kwenye mfumo, mseto huo ni wa jina.

Anayesoma chuo cha nje aangalie saa. London iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Hubadilika mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Kipindi cha saa 12 jioni ya huko kinatufikia saa 3 usiku Januari na saa 2 usiku Juni. Na mfumo ukiandika 23:59, kwetu hiyo ni dakika moja kabla ya saa sita usiku, ikiwa mfumo umewekwa saa za hapa. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti yako uhakikishe, kisha pakia kazi siku moja kabla, kwani usiku wa mwisho mfumo huelemewa.

Cheti ni suala la pekee. Kozi fupi nyingi za mtandaoni hutoa cheti cha kumaliza, ambacho hakina hadhi ya stashahada wala shahada. Kwa shahada, angalia chuo na programu yenyewe kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania au, Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Chuo kuwa na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi na tume, hakumaanishi kila programu yake inayo. Kisha uliza mtihani unafanyikia wapi. Mtihani ukiwa kituoni, panga nauli na ruhusa ya kazini. Ukiwa nyumbani chini ya uangalizi wa kamera, utahitaji kompyuta, chumba kitulivu na mtandao usiokatika muda wote wa mtihani. Taka kanuni iliyoandikwa inayosema nini kitatokea umeme ukikatika katikati ya karatasi, na uisome kabla ya kulipa.