Manjar: kula kulikozaliwa na kutafuna

Katika Kiido, lugha iliyoundwa mwaka 1907 kwa kukirekebisha Kiesperanto, lugha nyingine ya kubuniwa, kula ni manjar. Me manjas ni ninakula, me manjis nilikula, me manjos nitakula. Mzizi ni manj-, na hiyo -ar ni alama ya kitenzi-jina kama ku- yetu, ila yao hukaa mkiani.

Mzizi wenyewe ni wa Kifaransa, manger, na Kiitaliano, mangiare. Kiesperanto kilikuwa kimeshauchukua na kuuandika manĝi, yenye g iliyovikwa kofia. Waundaji wa Kiido hawakutaka herufi za kofia, basi wakaweka j.

Utamu uko nyuma zaidi, kwenye Kilatini. Huko kula hasa kulikuwa edere. Manducare, iliyokuja kuzaa manger na mangiare, kulikuwa kutafuna, neno la mtaani. Hata michezo ya kuchekesha ya Roma ilikuwa na Manducus, jitu la mataya makubwa. Lakini neno la mtaani halikubaki mtaani. Kaisari Augustus mwenyewe alilitumia katika barua, akisema alikula matonge mawili akiwa bafuni.

Edere kilipotezwa na ufupi wake. "Anakula" ilikuwa ēst na "ni" ilikuwa est. Kilichozitenganisha ni urefu wa irabu tu. Sisi tunaijua shida hiyo. Kitenzi chetu -la ni silabi moja, hakisimami peke yake: husemi "ninala", sharti ukiegemeze kwenye ku-, ninakula. Wafaransa na Waitaliano walikimbilia kutafuna. Wahispania na Wareno waliongeza egemeo mbele, comedere, ambayo baadaye ilisinyaa ikawa comer. Itazame vizuri: com- ni kiambishi, -er ni mwisho wa kitenzi. Mzizi umeliwa, karibu wote.

Kwa hiyo manjar, pamoja na sura yake ya Kihispania, haimsaidii sana Mhispania. Kwake manjar ni jina, chakula kitamu kisicho cha kila siku. Kule Chile ndiyo maziwa yaliyochemshwa na sukari mpaka yakawa mazito, ya kahawia, ya kupaka kwenye mkate. Mchile anayeanza Kiido itabidi azoee kwamba manjar ni kitendo, na kwamba chakula, kiwe kitamu kisiwe kitamu, ni manjajo.